Simu Iliyokataa Kukatika

Simu ya dada yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: haikatiki. Ikipigwa inaita, ikipokelewa sauti inakwenda na kurudi vizuri, lakini mazungumzo yakianza tu kioo kinakuwa cheusi, na abonyeze apendapo hakiwaki tena mpaka mtu wa upande wa pili akate. Kwa hiyo kila tulipomaliza kuzungumza alikuwa ananambia, "Haya, nikatie," kama mtu aliyefungiwa chumbani anayeomba afunguliwe kwa nje.

Mwanzoni tatizo lile nililifurahia. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya uongozi wa biashara na sina kazi, na katika ukoo wetu msomi asiye na kazi ndiye fundi wa simu za watu wote. Simu ya shangazi haiiti, kumbe kaweka mwenyewe kitufe cha kutosumbuliwa bila ya kujua. Jirani hasikii anayempigia, kumbe vitundu vya sauti vimejaa unga wa ngano kwa sababu anapokea simu huku anasukuma chapati. Nikavisugua kwa mswaki mkavu, akaniombea dua. Mimi ni mtu ninayeweza kulala macho kwa kufikiri kwamba asubuhi nimemsalimia mtu kwa sauti isiyo na adabu ya kutosha. Simu zilinipumzisha. Simu ina utaratibu: kwanza uizime na kuiwasha, kisha utoe laini na kuirudisha, kisha mipangilio, kisha ndipo uanze kuogopa.

Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtu kuweza kukaa ndani ya dirisha akanyoosha miguu. Chini hakuna mtandao kabisa. Sauti inapatikana mahali pamoja tu, kwenye dirisha la ngazini, na simu zetu, yangu na ya mama, zilikuwa zinakaa pale kama vyungu vya maua.

Nilimuuliza dada simu imefanya nini. "Ilianguka," alisema. Ilianguka vipi? "Ilianguka tu, kwani simu zinaanguka vipi?" Lakini nilikuwa nimeiona alipokuja kututazama. Simu ikianguka kutoka mezani hutua kwa pembe. Ile ilikuwa imepasuka katikati ya paji la uso, pale juu penye kile kijicho kinachoiambia simu kwamba sikio la mtu liko karibu ili kioo kizime. Ilikuwa imetua kifudifudi, kwa nguvu, juu ya kitu kilichosimama. Nilijua, na palepale nikaanza kuitafutia sababu. Labda kulikuwa na jiwe. Labda aliikanyaga. Labda ilimponyoka akiwa anapanda ngazi. Kichwa changu hakikosi labda.

Mchana mmoja, baada ya adhuhuri, alinipigia ili tuishughulikie.

"Umefuta pale juu, karibu na kamera?"

"Nshafuta."

"Kwa mate?"

"Kwa mate! Mimi paka?"

"Basi itoe ile plastiki iliyobandikwa juu ya kioo."

"Nikiitoa, bwana msomi, kioo kitanibaki mkononi. Ndiyo inayovishika vipande."

Tulikuwa tunacheka niliposikia mlango wa kwake, Jang'ombe, unafunguliwa. Kisha sauti ya shemeji yangu. Ana duka la vipuri vya pikipiki Mlandege, na siku ile alikuwa amerudi mapema.

"Unazungumza na nani?"

"Na mdogo wangu."

"Kata."

"Haya, mdogo wangu, nikatie..."

"Nimekwambia wewe ukate. Sikumwambia yeye."

"Haikatiki, si unajua tokea..."

Kofi halilii kama kofi ndani ya simu. Linalia kama mtu aliyeangusha kitabu juu ya meza. Nilisikia kitabu kinaanguka, kisha pumzi ya dada, kisha kingine.

"Kata!"

"Wallahi haikatiki!"

"Unanibishia? Mimi nasema kata, wewe unanibishia?"

Kidole changu kilikuwa juu ya duara jekundu. Nikikata, nilifikiri, kioo chake kitawaka, mume ataona simu imekatika na hasira itashuka. Nisipokata, ataonekana kiburi, na kiburi hicho nitakuwa nimekitia mimi. Lakini nikikata sitajua kinachoendelea. Lakini kujua kwangu kunamsaidia nini? Wakati mimi napima, kitu kizito kiliburutwa sakafuni, kiti au mtu, na yule mwanamme akawa anasema neno lile kwa kila pigo, kama anayehesabu: kata, kata, kata.

Nikakata.

Nilipopiga tena nikaambiwa namba haipatikani. Chini, mama aliuliza nani huyo. Nikamwambia ni dada, salama. Mama ana presha, na dada alikuwa amenikataza tangu zamani nisimpelekee jambo lolote la kule.

Baada ya siku chache alikuja. Dada hakuwa mtu wa nikabu, lakini siku ile alivaa. Mama alikuwa sokoni Darajani. Dada akapanda mpaka dirishani, penye mwanga, akaifunua.

Jicho la kushoto lilikuwa limefumba lenyewe, limevimba na kung'aa kama zambarau iliyoiva. Mdomo ulikuwa umepasuka mahali pawili. Akapandisha mkono wa buibui. Juu ya kiwiko palikuwa na alama nyekundu ndefu, zimekwenda mbili mbili, kama anavyoacha mtu anayechapa kwa waya uliokunjwa. Na mwisho wa kila alama palikuwa na kishimo kidogo, kipana kuliko kirefu. Ilinichukua muda kuelewa ninachokitazama. Ilikuwa ncha ya chaja. Niliitambua mpaka aina yake.

"Mbona ulikata?" akaniuliza.

"Alisema kata."

"Alinambia mimi. Hakukwambia wewe."

Akaushusha mkono wa buibui.

"Alikuwa anapiga makofi tu," akasema. "Ulipokata, kioo kikawaka, akakitazama. Alipojua hakuna tena anayesikiliza, ndipo alipochomoa waya ukutani."

Nikamwambia abaki, asirudi. Akanitazama kwa lile jicho moja. "Nibaki, kisha? Wazee wake watakuja hapa na maneno ya subira. Yeye atasema nimeanguka. Mimi ntasema nimepigwa. Nani wa kusema la tatu? Majirani wanasikia kila siku, lakini ukiwauliza, redio ilikuwa juu. Nataka mtu wa kwetu asikie kwa masikio yake. Mkija kunichukua, mnichukue moja kwa moja."

Kisha akatoa simu. Mume alikuwa ameamuru itengenezwe, na amesema ataijaribu mwenyewe. "Usiitengeneze," akasema. "Lakini lazima ionekane imetengenezwa."

Hilo ndilo tatizo pekee maishani mwangu ambalo kufikiri kupita kiasi kulilifaa. Ndani ya mipangilio, sehemu ya watu wenye shida ya kuona au kushika, kuna kipengele cha kukifanya kitufe cha ubavuni kikate simu. Nikakiwasha. Kile kijicho nikakiacha na upofu wake. Kwa hiyo mambo yakawa hivi: akitaka kukata, atabonyeza ubavuni na simu itakatika. Asipobonyeza, kioo kitakuwa cheusi, kila mtu ataona simu imezimika, na mimi nitakuwa nasikia.

Tulifanya mazoezi. Yeye chumbani juu, mimi dirishani, anapiga, anaitia ndani ya mkunjo wa kanga, anatembea. Nikajaribu pia kurekodi, na mara sauti ya mwanamke ikatangaza kwa pande zote mbili kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaendelea kuzishika kwa sababu zilikuwa zinamuuma.

"Basi usirekodi. Sikiliza tu. Na ukipokea, usije ukasema naam."

"Nimezoea."

"Ukisema naam, yeye ataniua, na mimi roho yangu itakurudia ikuue wewe."

Si jambo dogo hilo. Nyumbani kwetu ukiitwa unaitika naam. Tulipokuwa wadogo, aliyejibu "nini" au "ee" alifinywa paja mpaka akajuta kuwa na paja, na mama hakujali kama ulikuwa chooni au usingizini. Simu nayo ni mwito. Sijapata kupokea simu maishani mwangu bila neno lile kunitoka lenyewe. Nikaamua kwamba nikipokea nitauma ulimi, na hapo hapo nitabonyeza alama ya maiki ili upande wetu uwe bubu.

Mume aliijaribu. Alisimama mbele ya dada, akampigia kwa simu yake mwenyewe, akampa muda kidogo, akasema, "Kata." Dada akabonyeza, ikakatika. "Fundi wako hodari," akasema shemeji, akaenda kuoga.

Siku zilizofuata nilihamia ngazini. Nilikula pale. Simu ikilia naidaka, kumbe ni ujumbe wa ofa za mtandao. Nilikuwa naikagua kila saa: je, sauti ipo, je, chaji ipo, je, sikuiweka kimya kwa bahati mbaya. Mama aliniuliza kama nangojea kuitwa kazini. Nikamwambia naam.

Ilikuwa Ijumaa, watu wameshatoka msikitini. Mama alikuwa chini ya ngazi anatwanga kisamvu, simu ikalia na ikatoka namba ya dada. Nikapokea. Niliuma ulimi mpaka nikahisi chumvi, na naam haikutoka. Nilijisifu kwa hilo. Kisha nikapeleka kidole kwenye maiki, na kwa haraka zangu kikagusa alama ya jirani yake. Nikawasha spika.

Ngazi yote ikajaa. Kuta zile zilizokuwa zinakataa mtandao zilikuwa zinapenda sauti; zilikuwa zinaichukua na kuirudisha. Ulisikika waya kwanza. Unapiga mluzi mfupi kabla haujatua. Ulitua, na dada akatoa mguno wa mtu anayebeba kitu kizito. Ulitua tena. "Nani kakufundisha kunijibu mbele ya watu? Nani?" Sufuria ilianguka, kitu cha majimaji kikamwagika, na waya ukaendelea, sasa bila mpangilio, juu ya nguo, juu ya nyama, juu ya kitu kigumu. Nilisikia kichwa kinagonga kabati. Najua kwamba ilikuwa kichwa kwa sababu kwa muda mfupi hakuna aliyelia.

Kisha dada akapiga ukelele, kama anavyopiga kila mtu akizidiwa na maumivu:

"Mama! Mamangu wee!"

Mchi ukanyamaza chini.

Mama yangu alisikia mwanawe anamwita. Hakujua sauti inatoka wapi, wala hakujiuliza. Aliitika kama alivyotufundisha sisi kuitika, na kwa kuwa siku zote anaamini kwamba mtu wa mbali lazima upaze sauti ili ifike, aliitika kwa sauti ya kufika Jang'ombe kwa miguu:

"Naam! Naam, mwanangu! Nani anakupiga?"

Upande wa pili kila kitu kilisimama. Nilisikia maji yanadondoka. Nilisikia pumzi za watu wawili, moja ya kukimbia na moja ya kukatika. Kisha ikaja sauti ya shemeji, karibu sana na simu, laini, sauti ya mkwe anapopita mlangoni kwetu sikukuu:

"Shikamoo, mama."

Bado naamini waya ulikuwa mkononi mwake aliposema vile. Adabu ilimtoka yenyewe, kama naam inavyonitoka mimi.

Mama alikuwa ameshapanda. Alikuwa na mchi mkononi, una majani mabichi ya kisamvu. Aliitazama simu. Shikamoo kwetu haiachwi ikaanguka chini. Hata adui akikuamkia unamwitikia marahaba, kisha ndipo mnapogombana. Mama hakuitikia.

"Muache mwanangu," akasema. "Nnakuja."

Ukaja mshindo, na simu ikafa. Ilikuwa imepigwa ukutani tena.

Vespa ya marehemu baba ilikuwa inawaka kwa matusi na mateke, lakini siku ile iliwaka mara moja. Mama alikaa nyuma kwa upande, mchi juu ya mapaja. Njia nzima nilikuwa nafikiri maneno ya kumwambia shemeji, ninayapanga, nayapangua, yawe makali lakini yasivuke mpaka.

Nje ya nyumba watu walikuwa wamekusanyika, wamesimama kama wanaongojea maji. Mwanamke mmoja alimwambia mama kwa huruma, "Ya mke na mume hayo, bibi, yaacheni yatapoa."

"Ya mke wa nani?" mama akasema. "Huyo nimemzaa mimi."

Nikagonga. Shemeji alifungua akiwa bado na kanzu ya Ijumaa, ina mchuzi pindoni. Akamtazama mama, mdomo ukafunguka, "Shika..." Kisha akaniona mimi.

"Kumbe wewe ndiye fundi."

Yale maneno yangu yote hayakupata nafasi. Ngumi ilitua mdomoni nikasikia jino linavunjika kabla sijasikia maumivu. Nikaanguka juu ya viatu. Akanipiga teke la mbavu, na jingine tumboni, na nilipojikunja akanikanyaga mkono, ule wa kulia, akausaga kwa kisigino kama mtu anayezima sigara. Nilikuwa naona damu yangu inaingia ndani ya ndara ya mtu. Nakumbuka nilifikiri kwamba itabidi nimuombe radhi mwenye ndara.

Mama alishusha mchi mara moja tu. Anajua kutwanga, hatumii nguvu, anauachia uzito. Ulitua juu ya mkono wa mwanamme yule, chini ya kiwiko, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu.

Akapiga ukelele: "Mamangu wee!"

Watu wote wale walisikia. Hakuna aliyeitika.

Dada akatoka nyuma yake, anashika ukuta. Sikio lilikuwa limechanika, damu imeshuka mpaka kifuani, na mkono mmoja umeshika kipande cha simu bila ya sababu. Alimpita mumewe aliyekuwa amepiga magoti, akampita kwa uangalifu, kama unavyompita mtu anayesali. Yule mwanamke wa nje akavua mtandio wake akamfunga kichwani. Safari hii hakusema redio ilikuwa juu. Bajaji ikapatikana, mama na dada wakaenda hospitali, nami nikafuata kwa vespa, naendesha kwa mkono mmoja na kutema damu barabarani.

Polisi walimuuliza mama kuhusu mkono wa mkwewe. "Aliangukia mchi," akasema, na hakuongeza. Kuhusu mwanawe alisema mengi, pigo kwa pigo, kwa sababu alikuwa ameyasikia.

Kesi bado haijesha. Wazee wa upande wa pili wamekuja na maneno ya subira kama dada alivyosema. Wamekaa, wamepewa kahawa, na mama akawaeleza alichokisikia kwa masikio yake kwenye ngazi ya nyumba yake. Mmoja wao alisema ndani ya simu mambo huchanganyika. Mama akamwambia, "Mwanangu aliniita, nikaitika. Kilichochanganyika ni kipi?" Wakamaliza kahawa.

Shemeji anapiga simu. Anapiga ya mama, anaanza na shikamoo, mama anaiweka simu dirishani bila kujibu na bila kukata, anashuka kupika. Anaweza kuamkia mara nyingi kabla hajachoka. Mimi nikipita nahisi vibaya, Mungu anisamehe, si kwa ajili yake, bali kwa ile shikamoo inayongoja.

Juzi shemeji alipiga simu wakati mama yuko chini, na dada ndiye aliyekuwa dirishani. Jicho limepona, sikio limebaki na mshono. Alitazama namba, akapokea, akaiweka sikioni. Nilimwona anasikiliza kwa muda mrefu. Nilikaa ngazi ya chini yake, nafikiri: anamwambia nini, anaomba radhi, anatisha, analia, na dada atarudi, uso huu ni wa mtu anayerudi au wa mtu asiyerudi. Niliinuka nimnyang'anye simu, nikakaa, nikainuka tena.

"Umemaliza?" dada akasema kwenye simu.

Sauti ya upande wa pili ilipanda mpaka na mimi nikaisikia. "Usikate! Nakuomba, usikate. Usikate!"

Simu ya mama nayo nilikuwa nimeitia kipengele kile cha kitufe, kwa kuwa siku hizi naitia kila simu inayopita mikononi mwangu. Dada alibonyeza ubavuni kwa kidole gumba bila kuangalia. Kioo kikawa cheusi. Mimi, kwa hofu zangu, nikaichukua nikaiwasha, nikatazama kama kweli imekatika au inasikiliza bado.

"Imekatika," nikamwambia.

"Najua. Kwani mimi nimekuuliza?"

Chini, mama aligonga mchi kwenye ukingo wa kinu kuutoa majani, akaita, hakusema anamwita nani.

Tukaitika wote wawili, naam, kwa pamoja.